Pedali za Ampu ya Baba Mkwe

Ampu ndogo ya Lenzi, kikuza sauti cha gitaa lake, ilitoa moshi siku ya Jumatano, saa kumi na moja jioni. Lenzi alikuwa peke yake sebuleni, amekaa kwenye ukingo wa kochi, gitaa mapajani, anarudia kwa mara ya ishirini solo ya wimbo mmoja. Kwanza sauti ilikwama kama mtu aliyepaliwa. Kisha ikaja harufu. Kisha uzi mwembamba wa moshi ukapenya kwenye kitambaa cha spika na kupanda juu bila haraka yoyote.

"Umeunguza nini?" mama mkwe wake akauliza kutoka jikoni.

"Ampu, Mama."

Kifuniko cha sufuria kikainuliwa, kikarudishwa.

"Afadhali," sauti ikajibu. "Nilidhani ni maharage."

Lenzi halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mpima macho hospitalini, na wenzake wa bendi ndio waliombandika. Bendi yenyewe ilikuwa ya wafanyakazi watupu. Dereva wa gari la wagonjwa alipiga gitaa la besi, fundi wa plasta alipiga ngoma kwa mikono ileile aliyofungia mifupa ya watu, na karani wa mapokezi, ambaye koo lake lilikuwa limekomaa kwa kuita majina ya wagonjwa tangu alfajiri, ndiye aliyeimba. Kwa miaka mitatu walikuwa wamepiga kwenye sherehe za kuagana na wastaafu, watu ishirini na soda. Sasa walikuwa wameombwa kutumbuiza siku ya kufungua jengo jipya la macho. Mgeni rasmi angekuwepo. Viti mia tatu vingepangwa. Zilibaki siku kumi na saba, na ampu ndiyo hiyo inafuka moshi.

Nyumbani waliishi wanawake wawili tu. Mume wa Lenzi aliendesha greda kwenye mradi wa barabara mbali huko, na alirudi kila baada ya miezi miwili akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kwa hiyo Lenzi na mama mkwe wake walikuwa wameishi miaka minne kwa adabu: shikamoo asubuhi, pole na kazi jioni, chakula kipo mezani, asante Mama. Hawakugombana hata siku moja. Wala hawakucheka pamoja hata siku moja. Na kila Lenzi alipochomeka gitaa lake, mama mkwe aliinuka taratibu, akakusanya nyuzi zake za kufumia, akaenda chumbani na kufunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga tu. Lenzi aliuelewa mlango ule, au alidhani anauelewa.

Jioni ile mama mkwe alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni. Aliitazama ile ampu ndogo, akaigusa kwa ncha ya kidole cha mguu.

"Imekufa?"

"Imekufa, Mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Ipumzike salama," akasema, wala uso wake haukuonyesha huzuni ya msiba. "Sasa siku ya kufungua jengo utapigia nini?"

Lenzi alishtuka kidogo. Hakujua kama mama mkwe anaifahamu siku yenyewe.

"Sijui. Labda nitaazima."

Mama mkwe alielekea pembeni mwa sebule, kati ya kabati la vyombo na dirisha, mahali palipokuwa na kitu ambacho mgeni yeyote angekichukulia kuwa meza. Kilifunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, juu yake kikawekwa chombo cha maua ya plastiki, picha ya harusi na redio mbovu. Mama mkwe akainua maua, akamkabidhi Lenzi. Akainua picha, akamkabidhi. Akainua redio. Lenzi akabaki amekumbatia vitu vyote hivyo kama mtu anayehama nyumba. Kisha kitambaa kikavutwa, na ampu ya marehemu baba mkwe ikabaki wazi, nyeusi, pana, pembe zake zimechubuka, mpini wa ngozi umekatika upande mmoja.

"Mama, si ya Baba hiyo?"

"Baba haitumii tena," mama mkwe akasema. Akachomeka plagi, akabonyeza swichi. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Itafanya kazi kweli? Miaka sita..."

"Kila mwisho wa mwezi, ukiwa kazini, naiwasha nusu saa. Ampu ya zamani kama hii, ya taa za kioo, ukiiacha bila umeme inaoza ndani. Usiiguse kwanza. Huyu haharakishwi, mpaka vile vioo vyake vishike moto."

Akarudi kwenye maharage yake.

Lenzi aliweka vitu chini, akachungulia nyuma ya ampu. Ndani, taa nne za kioo zilikuwa zinaanza kuona haya, rangi ya machungwa ikipanda polepole. Alichomeka gitaa, akapiga kodi moja, nyuzi kadhaa kwa pamoja, kwa hofu, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua.

Sauti iliyotoka ilijaza chumba chote hadi kwenye pembe. Ilikuwa nene, ya mviringo, na vikombe kabatini vikaijibu kwa kugongana. Nywele za mkononi zikamsimama. Alicheka peke yake kama mwehu, kisha akakumbuka pedali zake.

Pedali ni kiboksi cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na ampu. Ukikikanyaga, sauti inabadilika. Lenzi alikuwa na mbili. Ya kijani ilikuwa ovadraivu, ambayo kazi yake ni kuikwaruza sauti kidogo tu, iwe kama koo la mwimbaji aliyeanza kupata moto. Ya njano ilikuwa distoshen, na hiyo haina utani: inaichukua sauti yote, inaiponda, inairudisha ikiunguruma. Kwenye ampu ndogo pedali hizo zilikuwa ndizo roho yake. Alikanyaga ya njano.

Nyuki elfu wakalipuka ndani ya debe.

"Hapana!" mama mkwe akapiga kelele jikoni.

Akakanyaga ya kijani. Hapo gitaa likawa kama mtu mwenye mafua anayeongea amejibana pua.

"Hiyo pia hapana!"

Kesho yake Lenzi alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa Profesa. Huyu hakuwahi kusoma chuo chochote. Aliitwa hivyo kwa sababu ya miwani yake minene, ambayo Lenzi mwenyewe ndiye aliyempimia, na kwa sababu kila swali ulilomuuliza alilijibu kwa mhadhara. Duka lake la vyombo vya muziki lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya mtu wa fotokopi na muuza mabomba, magitaa yamening'inia hadi darini na pedali zimepangwa kwenye kabati la kioo kama pete za sonara.

"Ampu ya taa!" Profesa akasema, akasugua viganja. "Dada, hapo umepanda daraja. Basi pedali za zamani zitupe. Njoo."

Alimkalisha mbele ya ampu ya dukani, kitu kipya cha transista, kisicho na taa ndani, chenye sauti safi kama sahani iliyooshwa, akaanza kuchomeka moja baada ya nyingine. Kila moja ilisikika tamu. Lenzi alichagua ovadraivu ya bluu iliyolia kama asali na distoshen nyeusi iliyounguruma kama lori linalopanda mlima. Profesa akachukua zile mbili za zamani za Lenzi, wakamalizana kwa tofauti ndogo, na Lenzi akarudi nyumbani meno yote nje.

Hayo meno yalirudi ndani baada ya dakika tano. Kwenye ampu ya baba mkwe, ile ya bluu ilizidisha mafua badala ya kuyaponya. Ile nyeusi ikawa bati linaloburutwa barabarani. Lenzi alizungusha nobu hii, akazungusha ile, akapandisha, akateremsha, akazima, akawasha. Ijumaa ikapita hivyo. Jumamosi asubuhi ikapita hivyo. Mwishowe aliliweka gitaa chini, akajishika kichwa.

"Labda ni mimi," akasema kwa sauti, ingawa hakuwa akizungumza na mtu.

"Ulizijaribu wapi hizo?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake na ufumaji mkononi. Lenzi hakujua amesimama hapo tangu lini.

"Dukani, Mama."

"Kwenye ampu gani?"

"Ya Profesa."

Mama mkwe alimtazama kama vile anasubiri mtu amalize sentensi yake.

"Wewe mgonjwa akija kwako," akasema, "unampima macho yake, au ya aliyemsindikiza?"

Kicheko kikamtoka Lenzi ghafla, cha tumboni kabisa, na alipomwangalia mama mkwe akaona naye mabega yanamtikisika. Walicheka hadi Lenzi akalazimika kufuta machozi kwa mkono wa blauzi. Na kwa kuwa walikuwa wameshacheka, akapata ujasiri.

"Mama, mimi siku zote nilidhani hupendi."

"Sipendi nini?"

"Muziki wangu. Kila nikichomeka, unaondoka na kufunga mlango."

"Ah!" Mama mkwe akaketi kwenye mkono wa kochi, kitu ambacho alikuwa amemkataza kila mtu kufanya. "Vidole vyako nimevipenda tangu siku ulipoingia humu ndani. Kale kakopo kako ndiko kalikokuwa kananichoma masikio kama sindano. Sasa ningekuambiaje? Ungemwambia mume wako, mama yako ana vituko."

"Ningemwambia, kweli."

"Unaona? Haya, niitie huyo Profesa kwenye simu."

Lenzi alipiga, akampa simu. Mama mkwe aliishika mbali kidogo na sikio.

"Kijana," akasema. Profesa alikuwa na miaka arobaini na tisa. "Mimi ni mama wa Lenzi. Ampu yangu ina uzito wa jokofu na mgongo wangu ni mmoja. Siwezi kuileta. Sasa funga pedali zako kwenye boksi, zote za kukwaruza, hata zile zisizonunuliwa, uje nazo kesho saa nane. Chai utaikuta."

Profesa alikuja saa nane kasoro dakika tano, amefunga boksi nyuma ya pikipiki kwa mpira, na ndani yake pedali tisa zimeviringishwa kwenye magazeti. Alipoiona ampu akavua kofia.

"Hii, mama, ilitengenezwa wakati ambapo watu—"

"Kaa hapo," mama mkwe akamwambia, akimwonyesha kigoda. "Kazi yako ni kubadilisha waya. Mhadhara baadaye."

Profesa akakaa.

Lenzi alichukua pedali ya kwanza, lakini mama mkwe alimzuia.

"Bado. Kwanza tumjue mwenyewe." Alisogea mbele ya ampu. Hakuvaa miwani, wala hakuinama kusoma chochote. Vidole vyake vilikwenda kwenye nobu vyenyewe, kama mtu anavyotafuta swichi ya taa kwenye chumba chake. Akapunguza sauti za juu. Akaipa besi robo tu. Ya kati akaiacha nusu. "Piga. Ngumu kidogo. Haya, sasa laini."

Lenzi akapiga. Alipopiga laini, ampu iliitika safi kabisa. Alipokaza mkono, ikaguna yenyewe, mkwaruzo mdogo, bila pedali yoyote.

"Umesikia?" mama mkwe akauliza.

Lenzi alisikia. Na hapohapo kichwani mwake mambo yakajipanga kama herufi kwenye ubao wa kupimia macho. Ampu ndogo haikuwa na sauti ya kati, haikuwa na mguno wake, kwa hiyo pedali zake zilifanya kazi yote. Hii ilikuwa na vyote viwili tayari. Kila pedali aliyoileta ilikuwa inaongeza sauti ya kati juu ya sauti ya kati, mguno juu ya mguno. Ndiyo sababu ya mafua. Ndiyo sababu ya nyuki.

"Nilikuwa namvalisha miwani mikali mtu anayeona vizuri," akasema.

"Haswa!" Profesa akaruka kutoka kigodani. "Kwa sababu ovadraivu kwa kawaida—"

"Waya," mama mkwe akasema.

Kuanzia hapo Lenzi aliongoza kazi kwa njia aliyoijua. Alichagua kipande kifupi cha wimbo, kilekile, akakipiga kwa nguvu ileile kila mara. Profesa alibadilisha. Mama mkwe alikaa katikati ya kochi, amefumba macho, mikono juu ya magoti.

"Hii," Lenzi akauliza, "au hii?"

"Ya kwanza."

"Hii... au hii?"

"Zote mbaya. Ya pili mbaya zaidi."

"Hiyo ya pili, mama, ndiyo wanayotumia wakubwa wote," Profesa akajitetea.

"Wakubwa wote hawapo sebuleni kwangu."

Saa nzima ilipita hivyo. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Pedali zenye rangi za kuvutia zilirudi kwenye magazeti moja baada ya nyingine. Mwisho kabisa Profesa alitoa ovadraivu ya kijivu, imekwaruzika, haina hata jina mbele, akasema kwa aibu kwamba imekaa kabatini miaka mitatu, wateja wanaijaribu na kusema haifanyi kitu.

Lenzi aliikanyaga. Na kweli ilikuwa kana kwamba haifanyi kitu. Haikuongeza mafua wala asali. Ilichofanya ni kuisukuma ampu kwa nyuma, kama kiganja mgongoni mwa mtu anayepanda ngazi, na ampu yenyewe ikaanza kukwaruza kwa sauti yake, nene na tamu, hadi vikombe kabatini vikaanza tena kugongana.

Mama mkwe alifumbua macho. Aliinua mkono tu, akaupungia kama mtu anayesema basi, imetosha, tumefika.

Distoshen haikuwachosha sana baada ya hapo, kwa sababu sasa walijua wanatafuta nini. Walichukua ya kahawia, yenye sauti ya giza, wakaipunguzia ukali hadi theluthi. Profesa alirudishiwa ya bluu na nyeusi, akaacha ya kijivu na ya kahawia, na alipokuwa akifunga boksi kwenye pikipiki alimnong'oneza Lenzi, "Dada, huyu mama ni nani?"

"Mama mkwe wangu," Lenzi akajibu, na alijisikia kama mtu anayejigamba.

Siku ya kufungua jengo, Dereva na fundi wa plasta walibeba ampu wakiguna na kuhema, wakaiweka jukwaani. Asubuhi walijaribu vyombo ukumbi ukiwa mtupu. Sauti ilikuwa safi. Lenzi alitaka kuibusu ampu.

Ilipofika saa tisa alasiri, viti mia tatu vilijaa, na waliokosa viti wakajipanga ukutani. Hotuba zikaisha. Utepe ukakatwa. Karani akashika kipaza sauti, bendi ikaanza wimbo wa kwanza. Gitaa halikusikika. Miili ya watu na makoti yao ilikuwa imeimeza sauti yake.

"Pandisha!" Dereva akamwambia kwa midomo.

Lenzi aligeuka, akapandisha sauti ya ampu karibu mwisho. Sasa gitaa lilisikika, lakini lilisikika kama uji. Ampu ilikuwa imeanza kuguna kwa nguvu yenyewe, na pedali ya kijivu juu yake ikavuruga kila kodi hadi isijulikane ni kodi gani. Karani akaimba huku akimkata jicho. Mtu wa safu ya mbele, daktari bingwa wa macho, alikunja uso kama aliyemwagiwa dawa jichoni.

Hapo ndipo Lenzi alipomwona mama mkwe wake. Alikuwa amesimama nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, amevaa gauni lake la sherehe, na alikuwa anapunga leso nyeupe.

Masikini, Lenzi akawaza, ananitia moyo. Akamtabasamia.

Mama mkwe hakutabasamu. Aliishusha leso upande wa kushoto, chini kabisa, akaipandisha upande wa kulia. Akarudia. Kushoto chini, kulia juu. Watu waliokuwa karibu naye walianza kumtazama. Alipoona Lenzi bado ameduwaa, akaishika leso kwa meno, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akazungusha vidole hewani: mkono wa kushoto kuelekea kushoto, wa kulia kuelekea kulia.

Lenzi akatazama chini. Pedali ya kijivu ilikuwa na nobu mbili. Ya kushoto ilikuwa ya ukali wa mkwaruzo. Ya kulia ilikuwa ya nguvu ya sauti.

Karani alikuwa kwenye kiitikio, na kwenye kiitikio gitaa lilipumzika vipimo vinne vya mapigo. Lenzi alipiga goti jukwaani, mbele ya mgeni rasmi na watu mia tatu, akazungusha ya kushoto hadi karibu sifuri na ya kulia hadi juu. Akasimama. Akapiga.

Ukumbi ukafunguka. Kila kodi ilisimama peke yake, yenye mkwaruzo, yenye mwili, na daktari bingwa akaacha kukunja uso na kuanza kutikisa mguu. Dereva alicheka waziwazi huku akipiga besi. Kule nyuma, leso ikarudi mfukoni.

Ikatoka tena kwenye wimbo wa mwisho. Ilikuwa zamu ya solo. Lenzi alizima ya kijivu, akawasha ya kahawia kama walivyofanya nyumbani, na noti yake ya kwanza ikatoka nyembamba, ikafa kabla ya wakati. Alimtafuta mama mkwe kwa macho. Safari hii leso haikupunga. Kiliinuliwa kidole kimoja, kisha cha pili, vikashikanishwa.

Zote mbili? Hawakuwahi kuzijaribu pamoja. Lenzi alikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja tu. Alipiga moyo konde, akakanyaga ya kijivu juu ya ya kahawia.

Noti ilitoka, ikakaa. Haikufa. Ilisimama juu ya vichwa vya watu ikinguruma taratibu, muda mrefu kuliko Lenzi alivyowahi kuishikilia noti yoyote maishani, na alipoiachia ikateleza kwenye ya pili, na ya tatu, na solo yote ile aliyoirudia kochini ikamtoka kama mtu anayesimulia habari yake mwenyewe. Fundi wa plasta alipiga ngoma hadi kijiti kikavunjika. Watu walisimama. Mgeni rasmi naye, baada ya kuangalia kulia na kushoto, akasimama.

Wakati wa kurudi, ampu ilikaa nyuma ya gari la Dereva, na wao wawili wakabanana naye mbele. Jua lilikuwa bado halijazama. Lenzi alisubiri hadi walipovuka mataa.

"Mama. Ile leso."

"Ehe."

"Ulijifunza wapi?"

Mama mkwe alitazama nje dirishani, akaanza kucheka peke yake.

"Baba mkwe wako alifanya kazi kiwanda cha mbao tangu ana miaka kumi na saba. Misumeno ikamla masikio. Sauti za chini alizisikia vizuri. Za juu, hata kidogo. Ndege akilia dirishani, ananiuliza, mbona huyu anafungua mdomo tu?" Akafuta jicho. "Lakini gitaa alilijua. Basi nikawa nasimama nyuma ya ukumbi na leso. Kushoto, kulia, juu, chini. Miaka ishirini na mbili. Watu wakamsifu, jamani, huyu bwana ana sauti ya gitaa ambayo hakuna mwingine anayo. Mimi nikasifiwa kwa gauni."

"Hukuumia?"

"Niumie nini? Tulikuwa tunarudi nyumbani tunacheka njia nzima. Ilikuwa siri yetu sisi wawili." Akamgeukia Lenzi. "Sasa inabidi iwe yako na yangu."

"Na yangu," Dereva akasema.

"Wewe angalia barabara."

Jumatatu Lenzi alikuwa kazini, ndani ya jengo jipya lililokuwa bado linanuka rangi, simu ilipoita. Alikuwa Profesa. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya kabati.

"Dada, mama yuko hapa dukani. Alisema amekuja kununua waya mmoja. Huo waya aliupata saa tatu."

Lenzi aliangalia saa ukutani. Ilikuwa saa sita kasorobo.

"Anafanya nini?"

"Amefukuza wateja wawili. Walikuwa wanajaribu pedali kwenye ampu yangu. Amewaambia waende wakalete za kwao ndipo warudi."

"Pole sana, Profesa. Nitazungumza naye. Wamekasirika?"

"Wamerudi!" Profesa akasema. "Wote wawili, na ampu zao! Mmoja ameibeba kwenye toroli, mwingine kaja na shemeji yake wa kumsaidia, na shemeji sasa naye anataka gitaa. Mama amewapanga foleni. Amenikalisha kwenye kigoda. Dada, nilikupigia kuuliza kitu kimoja tu. Chai yake anaweka sukari vijiko vingapi?"

"Viwili," Lenzi akasema. "Na usimpe mhadhara."

Akakata simu, akajikaza asicheke, akafungua mlango na kumwita mgonjwa anayefuata.